Mbona nyuso zenu zimekunjamana leo?

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Jumatatu nilitukanwa kaunta, kwenye duka la kampuni ya simu ninakohudumia wateja, foleni nzima ikisikia. Mteja alikosea tarakimu moja akituma pesa, aliyepokea akazitoa kabla mteja hajatupigia, na mimi sina uwezo wa kumrudishia kilichokwisha kutolewa. Maneno aliyoniambia siyaandiki hapa. Tangu saa ile nikafanya kazi kama mashine. Namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA), kidole, "Anayefuata!" Macho sikuyainua tena.

Jumanne jioni akaja mzee mmoja, fundi mwashi, kurudisha laini iliyopotea. Saruji ilikuwa imemla vidole hadi mistari imefutika. Kifaa kikakataa dole gumba, kikakataa cha shahada, kikakataa cha kati. Nikamwambia, "Futa mkono vizuri," kwa sauti ambayo nisingethubutu kumsemesha nayo baba yangu. Akafuta kwenye suruali, akanitazama usoni. "Pole na kazi, mwanangu. Umechoka."

Nilishindwa kumjibu.

Nikamkumbuka Yusufu, Mwanzo 40. Ndoto tumehubiriwa sana, ila tazameni kilichozitangulia. Yusufu ameuzwa na ndugu zake, amesingiziwa, yuko kifungoni, na humo humo amepewa kazi ya kuwahudumia maakida wawili wa Farao. Asubuhi anaingia, anawaangalia, anauliza, "Mbona nyuso zenu zimekunjamana leo?" Wapendwa, huyu ana huzuni yake ya kumtosha! Bado ana macho ya kuona uso wa mwenzake. Asingeuliza, ni nani angemsimulia ndoto? Na malipo yake? Mmoja wa wale wawili, mnyweshaji, akatoka, akamsahau miaka miwili mizima. Wewe unayehudumia watu ukingoja asante ndipo upate nguvu ya kesho, utaishiwa nguvu mapema.

Hapa niseme na sisi tuliookoka, mnivumilie. Tunaongoza kwa kuwa wateja wagumu. Jumapili mikono juu, Jumatatu benki tunamwita binti wa dirishani "we dada", tunamsukumia fomu bila salamu. Konda tunamfokea kwa chenji ya mia mbili. Kijana wa Kariakoo anakushushia majora ya vitenge kumi na mawili, unamwachia yote mezani, unaondoka kimya. Mtandao ukiwa chini, yule binti hakuukata yeye! "Shukuruni kwa kila jambo" tunaikariri hata usingizini, halafu anayetuhudumia hapati hata neno moja kutoka kinywa hicho hicho. Tutubu, jamani. Hili si jambo dogo mbele za Mungu.

Nami nilikuwa nimejiandaa kabisa kumkemea mnyweshaji, Roho akanigeuzia mimi. Miaka mitatu nilizunguka na bahasha ya vyeti, Posta, Mwenge, Mikocheni, nauli ya kukopa. Mlifunga pamoja nami, mnakumbuka. Kaunta hii ninayoinung'unikia niliililia kwa machozi. Na yule dada aliyeniambia nafasi zimetoka, akaniazima viatu vya usaili, tangu mshahara wa kwanza sijampigia kumwambia asante. Nikimpigia, nina shida.

Kilichosoma ni kidole cha pete, mkono wa kushoto. Kifaa kikawaka kijani, mzee akacheka, "Hicho ndicho hakijaonja saruji." Nilisimama nikampa laini yake kwa mikono miwili, nikamwomba radhi kwa ile sauti. Akasema, "Yameisha, mama."

Wenye zamu za usiku na wa vituo vya simu, nawaombea kwa majina yenu wiki hii. Nanyi niombeeni, Jumatatu bado inanichoma.

Jioni ile, nikiwa kituo cha Gerezani nasubiri mwendokasi, nikampigia yule dada. Hata salamu hakuingoja.

"Ehe, mdogo wangu, kuna nini tena?"

Nikamwambia, "Hakuna kitu, dada. Nimepiga kukushukuru." Akanyamaza, nami nikasikia anavuta kiti akae.