Kitanda cha wageni sasa kinalaliwa na Chapo na Ndengu

Nyumba ya kwanza ya simbilisi wetu ilikuwa ya ghorofa tatu. Niliinunua soko la Kibuye, hapa Kisumu, kwa fundi ambaye kazi yake ni mabanda ya kuku na sungura, kwa shilingi 4,500, na siku naibeba juu ya mkokoteni kuelekea Migosi watu walikuwa wanageuka kuitazama. Ilikuwa na ngazi mbili za mbao, paa la mabati, milango yenye komeo, na sakafu ya waya ili kinyesi kidondoke chini chenyewe. "Mwalimu," fundi aliniambia, "hii hata mimi ningehamia."

Binti yangu alikuwa ameomba simbilisi kwa mwaka mzima. Wengi hapa mjini huwaita ginipigi, na ukisema simbilisi unaulizwa ndio nini. Ni wanyama wa ukubwa wa kiatu cha mtu mzima, hawana mkia, wamejaa kama mkate wa boflo. Niliwanunua wawili kwa sababu nilikuwa nimesoma vya kutosha kujua kwamba mmoja peke yake huhuzunika. Ni wanyama wa kundi. Muuzaji aliapa kwamba wote ni majike. Viapo vya sokoni nimevizoea, kwa hiyo kabla ya jambo lingine lolote niliwapeleka kwa daktari wa mifugo awageuze na kuwaangalia. Walikuwa majike kweli. Ningepewa dume na jike, mimba ni miezi miwili na siku chache, na jike anaweza kushika nyingine saa chache tu baada ya kuzaa. Hesabu hiyo sikuitaka nyumbani kwangu. Binti yangu aliwaita Chapo na Ndengu, kwa rangi zao.

Wiki mbili za kwanza niliamini nimemaliza kazi. Kisha nikaanza kugundua kwamba ghorofa ya pili na ya tatu hazina mpangaji. Sukuma wiki niliyoweka juu ilinyaukia huko huko. Chapo alipanda ngazi mara moja, akafika katikati, akaganda pale akitetemeka hadi binti yangu akamshusha. Simbilisi si panya. Hapandi, harukiruki kutoka tawi hadi tawi, anakimbia chini kwa chini kama gari dogo la kuvuta kwa kamba. Kwa hiyo katika ile nyumba yangu ndefu walikuwa wanaishi kwenye chumba kimoja cha futi mbili kwa mbili, wawili, na ile mbwembwe yote ya juu ilikuwa yangu mimi na majirani.

Nilikuja kusoma baadaye kwamba kwa wawili, kipimo cha chini kinachotajwa sana ni futi za mraba saba na nusu, na hizo ni za sakafu moja isiyokatwa, ghorofa hazihesabiwi. Mimi nilikuwa nimewapa nne.

Kilichonishtua zaidi kilikuwa miguu. Jumamosi moja tulikuwa tunawakata kucha, yaani binti yangu ameshika na mimi nakata, nikaona unyayo wa nyuma wa Ndengu umekuwa mwekundu na kuvimba, na katikati kuna kidonda kidogo chenye kigaga, kama mtu aliyevaa kiatu kinachobana. Nikarudi kwa daktari. Hakuuliza wanakula nini, aliuliza wanakanyaga nini. Nilipomwambia waya, akaufungua mguu wa Ndengu kwa kidole gumba akanionyesha.

"Mama, sungura ana manyoya chini ya nyayo. Huyu ana ngozi tupu, kama ya mtoto mchanga. Usimwekee waya."

Alimsafisha, akatupa dawa ya kupaka, na kusisitiza kwamba kidonda kama hicho kikiachwa kinaweza kufika hadi kwenye mfupa. Nilitoka pale nikiwa nimemkasirikia fundi, ingawa kosa halikuwa lake. Yeye alitengeneza banda zuri la sungura. Mimi ndiye niliyempelekea mpangaji mwingine.

Nilitandika kadibodi juu ya waya kwa muda. Kadibodi ililowa siku ya kwanza, siku ya pili ikanuka, siku ya tatu wakaila.

Halafu ukaja Februari, na mkaazi yeyote wa Kisumu anajua Februari inavyokuwa. Banda lilikuwa nyuma ya nyumba, chini ya mwembe, na mimi nilidhani kivuli kinatosha. Siku hiyo nilirudi kutoka shuleni saa nane na nusu nikamkuta Chapo amelala ubavu, amejinyoosha, anahema kwa haraka na mdomo umelowa mate. Nilimwingiza ndani, nikamlaza kwenye sakafu ya bafu, nikamfuta masikio na miguu kwa kitambaa chenye maji ya bombani. Si ya friji. Baridi ya ghafla nayo ni balaa. Ilichukua karibu nusu saa kabla hajainua kichwa. Jua lilikuwa limehama, kivuli cha mwembe kikahama nalo, na mabati yakabaki peke yake.

Jioni hiyo nilimwambia baba watoto kwamba tunaanza upya. Asili ya hawa wanyama ni milima ya Andes, kule Peru na Bolivia, ambako usiku ni baridi. Joto likifika nyuzi 27 au 28 wanaanza kuteseka, na hawana namna nzuri ya kujipoza. Sisi mchana tunacheza na 30. Kwa hiyo swali la kwanza halikuwa tena banda la aina gani. Lilikuwa pahali gani.

Nilichukua kipimajoto kile cha ukutani nikakitembeza kwa siku tatu, saa nane mchana, kila siku kwenye kona mpya. Stoo ya mabati: 35. Veranda ya mbele: 31, na pia paka wa jirani ana mazoea ya kulala pale akifikiria mambo yake. Chumba cha wageni, ambacho kina dari na dirisha linalotazama upande wa ziwa: 27, na alasiri upepo wa ziwani ukiingia, kinashuka. Chumba cha wageni kikashinda. Tatizo lilikuwa moja tu: kilikuwa na kitanda, na kitanda kilikuwa kimejaza chumba.

Ni binti yangu aliyesema, akiwa ameketi pembeni mwa kitanda hicho na Ndengu mapajani, "Mama, si wakae hapa hapa?"

Alimaanisha chumbani. Mimi nikatazama kitanda. Futi tatu kwa sita. Futi za mraba kumi na nane, mbao za mvule, miguu imara, na godoro lililokuwa limechoka tangu ndugu za mume wangu walale watatu juu yake wakati wa msiba.

Safari hii nilimwita fundi mwingine aje nyumbani, na nilikuwa na mchoro. Ubao wa playwudi una futi nane kwa nne. Ukiukata kwa urefu unapata vipande vitatu vya upana wa inchi kumi na sita, na vipande hivyo vitatu vinazunguka kitanda chote na kubaki. Inchi kumi na sita ni ukuta ambao simbilisi hawezi kuuruka hata akiwa na sababu. Ubao wa pili ukawa sakafu, juu ya chaga. Juu yake tukatandika kapeti ya plastiki, ile yenye michoro ya vigae inayouzwa kwa mita, tukaikunja pembeni ipande ukutani inchi tatu ili mkojo usifike kwenye mbao. Hapo fundi alinicheka kidogo. Alipoona nimeleta na silikoni ya kuziba kona, aliacha kucheka.

Kitu kimoja nilikibishania sana. Fundi alitaka mlango uwe juu tu, kifuniko, basi. Lakini hawa wanyama adui yao wa asili hutoka juu, mwewe na wenzake, na mkono ukishuka kutoka juu wanatawanyika kama umerusha jiwe. Nilikuwa nimeyaona hayo kwenye banda la kwanza. Nikamwambia ukuta wa mbele, futi mbili za katikati, akate atie bawaba chini, uangukie nje. Sasa binti yangu anaketi sakafuni, anaufungua, anaweka kipande cha hoho kwenye kiganja, na wanakuja wenyewe. Kati ya vyote nilivyolipia, mlango huo ndio nisioujutia hata kidogo.

Kifuniko hata hivyo kipo, fremu mbili za futi tatu kwa tatu zenye wavu, kwa ajili ya paka na kwa ajili ya nguchiro ambao hupita nyuma ya nyumba wakitafuta mayai. Na miguu ya kitanda imesimama ndani ya makopo manne yenye oili chafu, kama mama yangu alivyokuwa anafanya na kabati la sukari, kwa sababu siafu wakiingia usiku hutakuta cha kuzika. Makopo niliyasukuma chini ya uvungu kabisa, mbali na mahali mtu anapokaa.

Kuhusu matandiko nilikosea mara moja tena. Nilianza na maranda kutoka kwa fundi, ya bure, magunia mawili. Yalikuwa ya saiprasi mbichi, yananukia kweli, na baada ya siku mbili wote wawili wakaanza kupiga chafya. Harufu ile ya utomvu huwaumiza mapafu. Nikayapeleka kwa kuku wa jirani na kwenda Kibuye kutafuta blanketi za flisi za mitumba. Nilipata nne. Chini naweka taulo kuukuu zinazonyonya, juu flisi ambayo inabaki kavu, na kona moja beseni pana lililojaa nyasi kavu za boma rodes, kwa kuwa nimegundua wanapenda kula na kujisaidia mahali pamoja. Tabia mbaya, lakini inanipunguzia kufua. Nafua Jumatano na Jumapili. Asubuhi binti yangu anafagia kwa brashi ndogo na uchafu unakwenda kwenye sukuma wiki. Nyasi hazipaswi kuisha kamwe. Meno yao hayaachi kukua na ni nyasi zinazoyasaga.

Kilichobaki kilikuwa maficho, na hapo nilijifunza jambo la wawili. Nilikuwa nimewapa kasha moja la kadibodi lenye mlango mmoja. Chapo, ambaye ni mkubwa, akawa anaingia, anageuka, anakaa mlangoni. Ndengu akiwa ndani hawezi kutoka, akiwa nje hawezi kuingia, na usiku tulisikia meno yakigongana. Nilidhani hawapatani. Kumbe walikosa mlango wa nyuma tu.

Wauzaji wa vyungu Kibuye huwa na vilivyopasuka, ambavyo mtu hununua kwa bei ya kutupa apandie maua. Nilichagua viwili vya maji, vipana, nikamwomba mama muuzaji anitobolee vitako. Alinitazama vibaya. "Chungu bila kitako utaweka nini?" Nikamwambia mifugo. Akavigonga kwa ustadi, duara zima likatoka, na nyumbani nikasugua kingo kwa jiwe hadi zikawa laini. Vikilazwa ubavu, kila kimoja ni handaki lenye milango miwili. Ndengu anaingilia huku anatokea kule. Na udongo, tofauti na kadibodi, unapoa: saa nane mchana ukitia mkono ndani ya chungu unahisi tofauti na hewa ya chumba. Siku za joto kali nanyunyizia maji kwa nje. Nimewawekea pia vigae vitatu vilivyobaki tulipojenga bafu, na huko ndiko utawakuta Januari hadi Machi, matumbo yamebandikwa. Chupa ya maji ya barafu iliyovishwa soksi nayo inafaa, umeme usipopotea.

Maji ya kunywa yako kwenye chupa yenye chuchu ya chuma, ile ya sungura kutoka duka la kilimo, imefungwa ukutani. Niliweka mbili, kwa sababu ile ile ya Chapo.

Tulipowahamisha walikaa ndani ya vyungu siku nzima. Siku ya pili, kama saa moja jioni, tulisikia kishindo chumbani. Nilichungulia. Ndengu alikuwa anakimbia kutoka kichwani mwa kitanda hadi miguuni, anageuka, anarudi, na kila baada ya hatua kadhaa anarushwa juu na kitu kisichoonekana, miguu yote minne hewani, kama punje ya bisi kwenye sufuria. Unyayo wake ulikuwa bado na kovu. Kwenye ile nyumba ya ghorofa sikuwahi kumwona akikimbia.

Desemba dana, mama mkwe wangu, alikuja kutoka Ugenya, akapita moja kwa moja na mkoba wake hadi chumba cha wageni kama kawaida yake. Tukasikia kimya. Tukamfuata. Alikuwa amesimama akitazama kitanda alichokuwa amelalia kila Krismasi kwa miaka tisa, na Chapo naye anamtazama kutoka mlangoni mwa chungu.

Nilimweleza. Nilimweleza hata kwamba kule Andes familia zimewafuga jikoni tangu zamani, wakitembea sakafuni kati ya miguu ya watu. Hapo alionekana kuelewa. Aliinama, akaingiza mkono kwa ule mlango wa chini, akampapasa Chapo mgongoni, kisha ubavuni, polepole, kama anavyopapasa kuku sokoni.

"Huko kwao wanawafuga jikoni," alisema. "Na wanawapika na nini?"

Usiku huo dana alilala na binti yangu. Kabla hawajazima taa, binti yangu alikuja kuniomba ile kufuli ya sanduku lake la shule, akaitia kwenye kifuniko cha wavu, na ufunguo akaenda nao kitandani.