Kikao cha Llangollen

Jumamosi nilitoka zamu ya usiku saa mbili asubuhi, na badala ya kwenda kulala nikaenda kituoni kuabiri basi la Llangollen. Wenzangu waliniona nimerukwa na akili. Lakini nilikuwa nimeahidi, na niliyemwahidi ana miaka 85, miguu imemgomea, akataka mtu wa kumwendea.

Pale kwenye makao ya wazee sote tunamwita Nain. Ndivyo watu wa Wales Kaskazini wanavyomwita bibi. Kwao ni Llangollen, bondeni kando ya mto Dee, chini ya kilima chenye magofu ya ngome ya Dinas Brân. Mimi mwaka wa tatu huu naishi Wrexham, chini ya saa moja kwa basi, na kila Julai nasikia watu wakizungumzia Eisteddfod ya kimataifa, tamasha la kwaya na ngoma linalofanyika huko Llangollen. Sikuwahi kwenda. Nilidhani ni mambo ya watalii. Hata jina la mji lilinishinda: ile Ll unaweka ulimi kama wa kutamka L, kisha unapuliza pumzi zipite pembeni. Nain hucheka mpaka meno ya bandia yanacheza.

Siku moja nikamuuliza Eisteddfod ni nini hasa. Akaniambia eistedd ni kukaa. Nikacheka mimi sasa. Kumbe ni kikao! Kiswahili nacho kimelitoa neno lake humo humo, kwenye kukaa.

Na kikao chenyewe ni cha kale. Mwaka 1176 Lord Rhys, mtawala wa Kiwelshi, aliwaita washairi na wanamuziki ngomeni kwake Cardigan, wakashindana, na washindi wakapewa viti. Mpaka leo, kwenye Eisteddfod ya kitaifa, ile inayohamahama kila Agosti na kuendeshwa kwa Kiwelshi, malenga aliyeshinda kwa tungo za arudhi hukalishwa kwenye kiti kilichochongwa kwa ajili yake. Kabla hajaketi, upanga huchomolewa nusu, umati ukaulizwa mara tatu kama kuna amani, nao hujibu kwa sauti moja: amani. Sheria zao za utunzi ni kali kuliko zetu. Konsonanti za nusu ya kwanza ya mstari sharti zijirudie kwa mpangilio katika nusu ya pili. Babu yangu, aliyekuwa akihesabu mizani kwa vidole barazani kwetu Mombasa, angewaelewa hawa bila mkalimani.

Tena kuna jambo ambalo Nain hakulijua kwangu. Alinisimulia habari za karne ya 19, jinsi mtoto aliyeponyokwa na neno la Kiwelshi shuleni alivyovishwa kibao shingoni, akikaa nacho mpaka amnase mwenzake. Nikamwambia mimi nilikivaa. Sisi tulikiita diski, na kosa langu lilikuwa Kiswahili. Alininyamazia kwa muda, kisha akaomba chai nyingine.

Sasa hii ya Llangollen ni changa, ilianza 1947. Vita vilikuwa vimekwisha miaka miwili tu, chakula bado kinagawiwa kwa kadi, na mwandishi wa habari Harold Tudor akaja na wazo la kualika kwaya za dunia nzima kwenye mji mdogo hivi. Wahungari walikwamishwa njiani na mgomo wa reli Ufaransa, wakamalizia safari kwa kuomba lifti barabarani. Mahoteli ya kuwatosha wageni yangetoka wapi? Watu wa mji wakawapokea majumbani mwao.

Mwaka 1949 ikaja kwaya kutoka Lübeck, Ujerumani. Nain alikuwa na miaka tisa. Mjomba wake alikuwa hajarudi kutoka vitani, na wala hakurudi. Huko Lübeck nako ndege za Uingereza ziliuchoma mji mwaka 1942, kwa hiyo si upande mmoja uliokuwa na msiba. Mtangazaji wa jukwaani, Hywel Roberts, naye alikuwa amefiwa na ndugu yake katika vita hivyo. Ndiye aliyewaambia watu wawapokee marafiki zao kutoka Ujerumani. Nain hakumbuki waliimba nini. Anakumbuka kimya kilichotangulia, na mkono wa mamake ukimfinya bega, kisha makofi. Usiku ule msichana wa Kijerumani alilala kwenye kitanda cha Nain, na Nain akalala chini. Hilo la kulala chini bado linamuudhi kidogo.

Habari za Pavarotti, yule mwimbaji wa opera wa Italia, kila mtu hapa atakupa hata usipouliza: alikuja 1955 akiwa na miaka 19, akiimba na baba yake katika kwaya ya Modena, wakashinda. Haya.

Mimi kilichonikaa ni kile kitanda. Kabla ya kazi hii nilikuwa nazunguka majumbani kuhudumia wagonjwa. Nimeingia nyumba nyingi za huku kuliko watu wengi waliozaliwa huku. Nimeogesha, nimepika uji, nimebadilisha mashuka, na dakika zangu zikiisha natoka kwenda kwingine. Sikumbuki niliyoingia nikakaa.

Nilifika manyunyu yakianza. Kwenye nyasi nje ya ukumbi, wacheza ngoma wa mataifa mbalimbali walikuwa wanajificha chini ya mwavuli mmoja, shanga na manyoya na viatu vya mbao pamoja, mmoja akimshikia mwenzake ngoma isilowe. Ukumbi una paa la turubai, ni wa kudumu tangu 1992. Zamani walikuwa wakisimamisha hema kila mwaka. Ndani ulikuwa umejaa. Nikasimama pembeni na mkoba wangu wa kazini, nikitafuta ukuta wa kuegemea, kama nilivyozoea.

Mama mmoja akaniona. Akatoa koti lake na chupa ya chai kwenye kiti cha jirani, akakipigapiga kwa kiganja, akasema, "Steddwch."

Hakuna aliyenitafsiria. Neno nilikuwa nimeshafundishwa.

Nikakaa. Kwaya ya kwanza ilikuwa ya watoto, nikaisikiliza yote. Ya pili ilikuwa na besi zilizotetemesha kiti. Ya tatu sijui, maana macho yalishakuwa na usingizi wa tangu jana, na nilipozinduka watu walikuwa wamesimama wanapiga makofi, koti la yule mama likiwa juu ya magoti yangu.

Jioni Nain alinisubiri bila kulala. Waliimbaje?

Nikamwambia ukweli.

"Ulilala ukumbini?" akauliza. "Juu ya kiti?"

Juu ya kiti, Nain.

"Afadhali," akasema. "Mimi walinilaza chini."