Fungu la shilingi 20

Kibandani kwangu Kayole, fungu la nyanya ni shilingi 20. Zikijaa sokoni naweka 6, zikiadimika naweka 3, na 20 inabaki pale pale. Mteja huniambia bei haijapanda, kumbe imeongezeka maradufu mbele ya macho yake.

Kwa mkulima mambo huenda kinyume. Mjomba wangu analima viazi Kinangop. Broka akija na lori, bei hutajwa kwa gunia, kisha gunia lenyewe hushonewa kilemba juu, likafura, likawa lumbesa. Mjomba analipwa gunia moja, anatoa moja na nusu. Kanuni za viazi za mwaka 2019 zilisema mzigo usizidi kilo 50, lakini shambani mizani iko wapi? Mvua imenyesha, barabara ni tope, lori lililofika ni hilo moja. Na shangi, aina ya viazi anayolima, huchipuka upesi, huwezi kuiweka ghalani ukingoja bei ipande. Hilo linaniuma sana.

Kati ya mjomba na mimi kuna mikono mingi: mzungukaji wa mashambani, mwenye lori, ushuru wa kaunti, wapakuaji wa Marikiti (soko la jumla la Wakulima, Nairobi), dalali wa pale ndani, mwenye mkokoteni. Kila mmoja lazima ale. Watu humlaumu broka peke yake, na mimi sikubaliani nao, maana lori likikwama au nyanya kutoka Kimana zikipondeka ndani ya kreti, hasara ni yake. Nguvu yake iko kwingine: anajua viazi vimeamkaje Marikiti leo, na mjomba hajui.

Kwa hiyo nikifika Marikiti alfajiri, kabla sijanunua hata kitunguu, nampigia mjomba nimwambie gunia linakwendaje na ni la ukubwa gani. Yeye na majirani zake wamechanga wakanunua mizani ya kuning'iniza. Broka wa kwanza kuiona aligeuza lori akaenda zake. Wa pili alinung'unika, lakini alipima, akalipa kwa kilo.

Nami sasa nauza viazi kwa kilo. Nyanya bado ni fungu, kwa sababu mama anayesimama kwangu saa moja jioni ana shilingi 20 za mboga, na watoto wanamngoja.