Silingi Isiyo na Fundo

Desemba iliyopita nilirudi Kibosho, Moshi, kula sikukuu nyumbani kama ilivyo desturi ya Wachaga walioko mbali, na kwenye begi nilibeba mita 20 za kamba ya poliesta. Huku Uingereza ninakoishi, kazi yangu ni kupanda miti na kuishusha kipande kimoja kimoja mahali ambapo haiwezi kuangushwa mizima. Baba mdogo alikuwa na mgrevilea ulioinamia paa la nyumba yake, naye alikuwa akinisubiri tangu masika.

Kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo linalozunguka nyumba, kazi hiyo hufanywa kwa kamba ya katani iliyofungwa tawini, vijana wakivuta kutoka chini. Siidharau kazi yao, kwani wengi wanapanda miti vizuri kuliko mimi. Ninachokihofia ni fundo. Kamba inapokunjwa kwa ukali ndani ya fundo, nyuzi za nje ya mkunjo huelemewa kuliko zile za ndani, na nguvu ya kamba hupungua kwa theluthi moja, wakati mwingine hata nusu. Gogo la kilo 100 likidondoka mita moja kabla ya kamba kukaza, huivuta kwa nguvu inayozidi uzito huo mara kadhaa, na kamba ikikatika, kwa kawaida hukatikia pale penye fundo. Kitanzi kilichosukwa vizuri hubakiza takriban asilimia 90 ya nguvu ya kamba.

Kwa hiyo, siku mbili kabla ya kazi, niliketi barazani kusuka silingi, yaani kipande cha kamba cha kufunga kwenye shina, yenye kitanzi kila upande: kimoja hupitishwa ndani ya kingine baada ya kulizunguka shina, kisha hubeba kapi inayopitisha kamba ya kushushia magogo. Kamba yake imesukwa kwa nyuzi nene 12, na katikati ina uwazi kama mrija. Ncha hukunjwa kufanya kitanzi, kisha huingizwa kwa sindano ndefu ya chuma ndani ya kamba ile ile. Kwa kamba ya milimita 16 mimi huzika sentimita 115, yaani mara 72 ya kipenyo. Kabla ya kuuzika mkia huo, ninakata nyuzi mbili mbili kwa kupishana hadi uchongoke kama mkia wa panya, kwa sababu mkia unaoishia ghafla huacha uvimbe ndani, na nyuzi za juu huelemewa hapo. Kisha mkono mmoja hushika kitanzi, na mwingine huteremka juu ya kamba ukiibana, kama mtu anayekamua ng'ombe, hadi mikunjo yote iishe na mkia upotee. Mwisho ninashona kwa uzi imara, ili mkia usichomoke kamba inapolegea.

Baba mdogo aliipapasa, akaigeuza. "Mwanangu, hii haina fundo. Itashikwa na nini?"

"Shika huku, baba, uvute."

Kadiri alivyovuta ndivyo msuko wa nje ulivyozidi kuubana mkia uliomo ndani, maana mzigo wenyewe ndio unaokaza. Alivuta mara tatu, kisha akamwita mama mdogo aje aone.

Silingi yangu ya kwanza kabisa niliizika sentimita 50 tu, tena bila kuishona, kwa kubana matumizi ya kamba ya bei ghali. Tulipoijaribu chini, mkia ulichomoka taratibu mbele ya macho yangu, nami nikawaza juu ya mwenzangu ambaye angesimama chini ya gogo. Kwa kanuni za Uingereza za mwaka 1998, silingi hukaguliwa na mtaalamu kila miezi 6. Kihambani hakuna mkaguzi, hivyo niliwafundisha vijana kupitisha vidole kwenye kamba yote kabla ya kupanda, wakitafuta mahali palipokakamaa, palipong'aa kwa joto au palipochanika.

Mgrevilea ulishuka kwa siku moja, na hakuna bati lililoguswa. Sindano na kipande cha kamba kilichobaki nilimwachia mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo. Juzi alinitumia picha ya kitanzi chake cha kwanza. Mkia haukuchongwa vizuri, na uvimbe ulionekana wazi, nikamwambia akifumue aanze upya.