Kumbukumbu ya mradi: kipunji wa Rungwe na miti miwili isiyopatana

Hatimaye mti wa mitokondria wa kipunji, kima adimu wa milima ya kusini mwa Tanzania, umefunguka! (Mti hapa ni mchoro wa ukoo unaotokana na DNA, na mitokondria ni sehemu za seli zenye DNA yao wenyewe, nje ya kiini.) Walionifuatilia wanajua pale palipokwama. Jeni za kiini zinamweka kipunji kando ya nyani wote, kwenye tawi lake mwenyewe, japo si kwa nguvu kubwa. Mitokondria inamchukua kipunji wa Rungwe na kumtia ndani ya nyani, bega kwa bega na nyani wa manjano wa kusini mwa Tanzania. Nimebadilisha modeli ya mabadiliko ya DNA, nimebadilisha kundi la nje (wanyama wa kulinganishia) kutoka mangabi, kima wa misitu ya Afrika, hadi kima wa Asia, nimepunguza sampuli, nimeziongeza. Jibu ni lilelile.

Kwanza nilihisi ni nakala za mitokondria zilizohamia kwenye kiini, maana hizo zimewapoteza wengi. Basi nikafungua mlandanisho (mifuatano ya DNA iliyopangwa sambamba) kwenye programu ya AliView nikausoma kodoni kwa kodoni, yaani herufi tatu tatu. (Kumbukeni kuweka jedwali la tafsiri ya kodoni namba 2, la mitokondria za wenye uti wa mgongo. Ukiacha lile la kawaida, kila TGA itaonekana kama kikomo cha jeni na utatupa data nzuri.) Hakuna kikomo kilichojitokeza katikati ya jeni, na mabadiliko mengi yako kwenye nafasi ya tatu ya kodoni, kama inavyotarajiwa kwa jeni inayofanya kazi. Mfuatano ni safi.

Mtuhumiwa wa pili alikuwa na sifa zote. Koo za nyani, jelada (jamaa wa nyani wa Ethiopia), mangabi wa jenasi Lophocebus na kipunji ziliachana kwa kufuatana haraka. Idadi ya wanyama ikiwa kubwa na mgawanyiko ukiwa wa haraka, aina mbili tatu za jeni moja huvuka mpaka wa spishi zikiwa bado zote zipo, kisha kila ukoo unabaki na aina yake kwa bahati tu. Hata kwetu binadamu ni hivyo hivyo. Katika takriban asilimia 30 ya jenomu, sokwe mtu na binadamu si ndugu wa karibu zaidi. Mmoja wao yuko karibu zaidi na gorila. Nilikuwa tayari kuandika hilo na kufunga faili.

Kilichoniokoa ni urefu wa matawi. Ninapolinganisha miti huwa naichora yenye matawi sawa ili maumbo yaonekane vizuri, na programu ya FigTree inafanya hivyo kwa kubofya mara moja. Safari hii niliurudisha urefu halisi, unaoonyesha kiasi cha mabadiliko ya DNA. Ncha ya kipunji wa Rungwe ni fupi mno! Imeachana na nyani wa manjano wa kusini baada ya nyani wenyewe kwa wenyewe kugawanyika.

Hapo bahati haina nafasi tena. Jeni inaweza kuachana mapema sana kabla ya spishi kuachana. Haiwezi kuachana baadaye, isipokuwa wanyama wamezaana tena. Kwa hiyo kuna nyani jike aliyezaa na kipunji, na mabinti zake wakabaki kuzaa na kipunji. Mitokondria hurithiwa kwa mama, hivyo ilipita nzima kizazi hadi kizazi, huku sehemu ya nyani kwenye kiini ikipungua kwa nusu kila mara. Vizazi 10 tu vinatosha kuishusha chini ya moja kwa elfu.

Na kipunji wa Ndundulu, kule Udzungwa, mamia ya kilomita kutoka Rungwe, wanalithibitisha. Mitokondria yao inakaa nje ya nyani wote, mahali palepale kiini kinapomweka kipunji. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulikuta hivyo hivyo, na kuona mti wangu ukitoa jibu hilo kwenye kompyuta ya nyumbani kumenifurahisha kupita kiasi. Fikirieni pia kwamba spishi hii ilielezwa mwaka 2005 kwa picha, ikawekwa kwa mangabi, na DNA ya kwanza ikatoka kwa dume mchanga aliyenaswa na mtego wa mkulima huko Rungwe. Yaani mnyama wa kwanza kupimwa alitoka kwenye kundi lenye mitokondria ya nyani!

Kuhusu zana: IQ-TREE, programu ya kujenga miti, inanitosha, kwa kuwa inachagua modeli yenyewe na haichoki kwenye mashine ndogo. Kinachonikera ni mifuatano iliyowekwa kwenye hazina za data bila jina la mahali. "Papio" (jina la kisayansi la nyani) peke yake, hakuna wilaya, hakuna hata nchi. Kwa swali kama hili mfuatano wa namna hiyo haunisaidii hata kidogo, na nimeiondoa mingi kwa uchungu.

Mpango ulikuwa sasa niingize miti yote ya jeni kwenye programu ya ASTRAL nipate mti wa spishi. Nimeuweka kando. Nilipokuwa nakagua nyani wa manjano niliona wa Kenya hawakai na ndugu zao wa kusini. Mitokondria yao inawapeleka kwa nyani wa kijani kibichi wa Afrika Mashariki. Na huko Amboseli, kusini mwa Kenya, spishi hizo mbili zinazaana hadi leo, mbele ya macho ya watafiti walioanza kuwafuatilia mwaka 1971. Usiku huu napakua kila mfuatano wa nyani wenye jina la mahali, kuanzia Amboseli kushuka hadi Zambia, nione mpaka wa mitokondria unapita wapi.