Nilivyoishi Oysterbay kwa Mshahara wa Karani

Niliishi Oysterbay, mtaa wa matajiri wa Dar es Salaam, kwa miaka mitano bila gari, bila jenereta na bila mjomba serikalini. Nalisema hili mapema kwa sababu mwaka 2019 walionishauri, wote wakiwa wakazi wa Tandika, uswahilini, kama nilivyokuwa mimi, walikubaliana kwamba pasipo vitu hivyo vitatu ningerudi kabla mwezi haujaandama, na hadi leo hakuna hata mmoja aliyeniomba radhi.

Ushauri mbaya kuliko wote ulikuwa ule wa kuvaa kitajiri nitakapomwendea dalali. Mwenzangu wa kazini aliniazima koti la suti, nami nikalivaa saa saba mchana mwezi wa Februari, nikapanda bodaboda hadi karibu na barabara ya Haile Selassie, nikashuka mbali kidogo ili nionekane nimetoka kwenye gari langu. Dalali alilitazama koti, akazisahau papo hapo nyumba zote za shilingi na kunitembeza kwenye za dola, maana wakati huo, kabla ya kanuni za 2025 zilizokataza bei za fedha za kigeni, kodi za huko zilitajwa kwa dola bila haya, tena zikidaiwa za miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo. Nilioneshwa jiko linalozidi chumba changu na sebule yangu kwa pamoja, nikatikisa kichwa kana kwamba ni rangi ya vigae isiyonipendeza, nikamlipa hela yake ya kutembezwa na kurudi Tandika shati likiwa limeganda mgongoni.

Wiki iliyofuata nilikwenda na ndala. Nilikaa kwa muuza kahawa ambako walinzi wa zamu ya usiku hupitia kabla ya kuingia lindoni, nikamwamkia kila aliyenizidi umri, na kwa jioni tatu mfululizo nikawanunulia wote kahawa na kashata. Jioni ya nne mzee mmoja akaniambia, "Mwanangu, mama ninayemlindia ana banda la uani limejaa mabegi tu. Usiseme nimekutuma, sema umesikia." Kodi tuliyopatana ilizidi kidogo ile ya Tandika, nami nikaruhusiwa kulipa kila baada ya miezi mitatu.

Mabanda hayo yana historia yake. Oysterbay ilikuwa uzunguni tangu enzi za Waingereza, ambao walijigawia viwanja vikubwa na kuwaweka watumishi wao uani, mbali na macho ya wageni. Banda langu lilikuwa na dirisha dogo linalotazama ukuta, lakini lilitumia umeme wa nyumba kubwa, kwa hiyo umeme ulipokatika na majenereta ya mtaa mzima yakaanza kunguruma, feni yangu ilizunguka bila mimi kununua hata tone la dizeli.

Mboga nilizifuata soko la Namanga, ambako fungu la nyanya halijui kwamba upande wa pili wa barabara kuna mabalozi. Jokofu nililipata kwa mgeni aliyemaliza mkataba na kurudi kwao, kwa bei ambayo naona aibu kuitaja, nami nilikuwa wa kwanza kufika kwa kuwa dereva wake alikuwa mnywaji wa kahawa yetu.

Kazi yangu ilikuwa eneo la Posta, katikati ya jiji, na mwanzoni foleni ya Daraja la Selander ilinitesa kama ilivyowatesa wenye magari. Daraja la Tanzanite lilipofunguliwa mwaka 2022, nilianza kutoka alfajiri kwa miguu, nikapita Coco Beach na kuvuka bahari kwa njia ya waenda kwa miguu, upepo ukinipiga upande mmoja. Majirani waliokuwa wakikimbia na viatu vyao vya mazoezi walinipungia mkono na kunisifu kwa kujali afya, nami nikaitikia, ingawa nilichokuwa nikijali ni nauli.

Kilichonishinda ni ujirani. Idi ya kwanza nilipika pilau, nikaifunika sahani kwa kawa kama tulivyolelewa, nikagonga geti la jirani. Mlinzi akauliza imeagizwa na nani. Nilipomjibu kwamba ni ya Idi tu, alizungumza na kipaza sauti cha ukutani, na sauti ya mama ikatoka humo: "Mpe elfu kumi na tano, na wakati mwingine aje na risiti." Nilizikataa zile fedha. Mlinzi akaninong'oneza, "Chukua, ndugu yangu, ukiziacha atadhani nimezitia mfukoni." Nikazichukua. Kwetu sahani ya jirani hairudi tupu, lakini hii ilirudi baada ya wiki moja ikiwa imeoshwa, ndani ya mfuko wa karatasi, bila hata punje ya ubuyu.

Mwaka uliofuata, siku mbili kabla ya Idi, mlinzi yuleyule alinifuata bandani. Alikuwa ametumwa na mama aulize kama bado nafanya biashara, kwa sababu angekuwa na wageni na alihitaji sahani sita.