Kumbukumbu ya mradi: kompyuta ya mezani, flashi za shotikati na diski inayokufa

Mashine yenyewe ni ya mezani, ya mtumba: Core i5 ya kizazi cha 4, RAM GB 4 aina ya DDR3, diski ya kuzunguka ya GB 500, Windows 10. Malalamiko ya wenye nyumba ni manne. Inawaka polepole mno. Kila flashi inayochomekwa, folda zake zinageuka shotikati (vifaili vidogo vya kuelekeza tu kwenye faili au programu nyingine). Chrome inarusha vibandiko vya "kompyuta yako ina virusi" pembeni ya skrini. Na tarehe inarudi nyuma kila umeme ukikatika.

Yote manne yalikuja yamefungwa katika neno moja, virusi. Kirusi kipo, ila kinahusika na lalamiko moja tu. Mengine yana vyanzo vyake, na ukianza na antivirusi kabla ya kuvitenganisha unaweza kuiua diski ukiwa unaskani.

Hatua ya 1: betri ya saa

Tarehe ilitangulia kwa sababu inazuia kazi nyingine. Saa ikisema ni miaka kadhaa nyuma, vivinjari vinakataa tovuti salama kwa madai kwamba cheti chake bado hakijaanza kutumika, na masasisho ya Windows nayo yanagoma. Fundi asiyejua atahangaika na modemu.

Dawa ni betri ya CR2032, ya volti 3, ile bapa kama sarafu. Chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia ili chaji iliyobaki iishe, sukuma kishikio, weka mpya, upande wenye alama ya + ukitazama juu. Kabla ya kuitoa ya zamani piga picha kurasa za BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine, inayotangulia Windows), hasa ule mpangilio wa SATA, yaani namna diski inavyoongea na mashine. Kwenye baadhi ya mashine mipangilio hurudi ya kiwandani, AHCI inageuka RAID au IDE, na Windows inaanguka kwenye skrini ya buluu yenye maneno INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Wengi wakiiona hufomati, kumbe ni kurudisha mpangilio mmoja tu.

Hatua ya 2: diski kabla ya kuskani chochote

CrystalDiskInfo, programu ya kupima afya ya diski, ilionyesha rangi ya njano. Mistari mitatu ndiyo ya kutazama: 05 (sekta, yaani vipande vidogo vya diski, zilizokwisha kuhamishwa), C5 (sekta zinazosubiri kuamuliwa) na C6 (zilizoshindikana kusomeka). Programu hii, isipobadilishwa, huandika thamani ghafi kwa mfumo wa heksadesimali (hesabu ya kumi na sita badala ya kumi), kwa hiyo 18 iliyokuwa kwenye C5 ni 24 kwa hesabu ya kawaida. Sekta 24 zinazosubiri zinatosha kueleza uvivu wa mashine: Windows ikifika hapo diski inajaribu kusoma tena na tena, na kila kitu kinasimama kuingoja.

Diski ya namna hii haifanyiwi skani kamili, wala chkdsk C: /r, amri ya Windows ya kukagua diski. Zote mbili huisomesha diski nzima, na kama kichwa chake kimechoka ndipo kinapomalizikia. Kinachotangulia ni kuokoa data.

Kazi hiyo ilifanywa kwa Linux, mfumo mwingine badala ya Windows, iliyowashwa kutoka kwenye flashi, kwa sababu mbili. Script (faili la amri) ya Windows haijiendeshi huko, hivyo diski ya akiba haiambukizwi. Tena mafaili yaliyofichwa na kirusi huonekana bila taabu. Zilinakiliwa picha, hati na lahajedwali. Faili lolote lenye mwisho wa exe, vbs, js, lnk au scr liliachwa lilipo.

Kwa kawaida ningependekeza kuweka Windows upya hapohapo. Ni haraka na ni safi zaidi. Hapa kuna programu ya hesabu za duka ambayo kisakinishi chake kimepotea, ndiyo maana diski nzima ilihamishiwa kwenye SSD, diski isiyozunguka. Angalizo la manunuzi: SSD nyingi za bei nafuu ni za GB 480, na hizo ni ndogo kuliko diski ya GB 500. Nakala itakatikia mwishoni. Chukua ya GB 500 au 512.

Ukiwa bado kwenye Linux, andika kwanza lsblk (huorodhesha diski) uhakikishe ipi ni ipi, maana kuzigeuza ni kufuta ulichotaka kuokoa. Kisha ddrescue, programu ya kunakili diski mbovu; hapa sda ni ya zamani na sdb ni SSD:

ddrescue -f -n /dev/sda /dev/sdb ramani.log
ddrescue -f -d -r3 /dev/sda /dev/sdb ramani.log

Duru ya kwanza huchota yanayosomeka bila kung'ang'ania mabovu, ya pili hurudia mabovu mara tatu. Faili la ramani lihifadhiwe kwenye flashi nyingine, la sivyo umeme ukikatika unaanza upya. Baada ya hapo diski ya zamani inatolewa kwenye mashine na kuwekwa kando. Chkdsk C: /f ilikuja kuendeshwa kwenye SSD, ikifuatiwa na DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth na mwisho sfc /scannow, amri mbili za kutengeneza mafaili ya Windows yenyewe. Utaratibu ni huo, DISM kwanza, kwa kuwa sfc huchukua vipuri vyake kwenye stoo ambayo DISM ndiyo inayoitengeneza.

Hatua ya 3: shotikati

Hapa ndipo penye kazi, na ndipo watu wanapopoteza mali zao bure. Flashi ikionyesha shotikati tupu, pale steshenari watamwambia mwenyewe kwamba imeliwa, kisha wataifomati. Mafaili yalikuwemo mazima. Bofya flashi kwa kitufe cha kulia, fungua Properties: kama shotikati zina ukubwa wa KB moja au mbili na flashi inasema GB 3 zimetumika, hakuna kilichopotea.

Kirusi hiki huyapa mafaili yako alama mbili, ya kufichwa na ya mfumo, halafu kinaweka shotikati yenye jina na picha ileile. Ndani ya sehemu ya Target kuna amri inayoita wscript.exe (kiendesha-script cha Windows) kuendesha script ya vbs, kisha inafungua folda halisi. Wewe unaona folda imefunguka kama siku zote. Ujanja huu ulishika kasi baada ya Microsoft kufunga uwezo wa flashi kujiendesha yenyewe, kwanza kwenye Windows 7 na baadaye, mwaka 2011, kwa sasisho la XP na Vista. Kirusi cha Conficker cha mwaka 2008 kilikuwa kikiutumia mlango huo, kupitia faili la autorun.inf. Ulipofungwa, waandishi wa virusi wakaona wamtegemee mtumiaji abofye mwenyewe.

Kirusi hurudi kwa sababu kazi huanzwa mkiani. Ukisafisha flashi huku script ikiwa hai kwenye kompyuta, itaambukizwa tena ndani ya sekunde chache. Toa flashi zote, kata intaneti, shughulikia mashine kwanza.

Kwenye Task Manager, sehemu ya Details, ongeza safu ya Command line. Bila safu hiyo utaona wscript.exe tu, ambalo ni faili halali la Windows. Kinachoshtaki ni njia inayolifuata: hapa ilikuwa faili la vbs lenye jina la herufi za ovyo ndani ya AppData, folda iliyofichwa ya data za programu. Andika njia hiyo pembeni, kisha:

taskkill /f /im wscript.exe

Aina nyingine hutumia rundll32 au msiexec. Hizo usiziue kwa jumla, soma mstari wake wa amri kwanza.

Kabla ya kuzima na kuwasha, ng'oa mizizi yote kwa pamoja. Autoruns ya Sysinternals, zana inayoorodhesha vinavyojiwasha pamoja na Windows, ikiendeshwa kama msimamizi, ilionyesha mitatu: ingizo kwenye rejista (ghala la mipangilio ya Windows), HKCU\Software\Microsoft\Windows\CurrentVersion\Run, nakala ndani ya folda ya Startup (ifungue kwa shell:startup), na kazi kwenye Task Scheduler, ratiba ya kazi za Windows. Ukiacha mmoja, huo utarudisha wenzake mashine ikiwaka. Vyote vilifutwa, pamoja na faili lenyewe.

Lakini kwa nini Defender, antivirusi ya Windows yenyewe, yenye alama ya kijani muda wote, haikusema kitu? Jibu lilitoka PowerShell, dirisha la amri la Windows:

Get-MpPreference | Select-Object -ExpandProperty ExclusionPath

Ikarudisha C:\. Diski nzima ilikuwa imewekwa kwenye orodha ya visivyokaguliwa. Vifaa vya kuamilisha Windows ya bure hufanya hivyo, au humwagiza mtumiaji afanye mwenyewe, na mlango ukishaachwa wazi hauchagui mgeni. Ingizo hilo liliondolewa kwa Remove-MpPreference -ExclusionPath "C:\". Kwa nyumba yenye bando dogo, pakua mpam-fe.exe kwenye mashine nyingine na kuileta kwa flashi safi. Inabeba orodha yote ya virusi na inazidi MB 100. Halafu chagua skani ya Microsoft Defender Offline. Mashine inajiwasha nje ya Windows ya kawaida, inamaliza kwa takribani robo saa, na matokeo yako kwenye Protection history.

Sasa flashi. Chomeka, usibofye kitu ndani yake, fungua dirisha la amri. Kama herufi yake ni E:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*
del E:\*.lnk
del E:\*.vbs

Hakikisha herufi mara mbili; amri hizi hazina kazi kwenye C. Ukikataliwa ruhusa kwenye System Volume Information, iache, ni ya Windows. Baadhi ya virusi hukusanya mafaili yote ndani ya folda isiyo na jina, maana jina lake ni nafasi tupu. Ikitokea, tazama safu ya Type: ikisema File folder ingia uyatoe, ikisema Shortcut futa.

Mwisho wa hatua hii ni kuzuia script kabisa:

reg add "HKLM\SOFTWARE\Microsoft\Windows Script Host\Settings" /v Enabled /t REG_DWORD /d 0 /f

Nyumbani haileti usumbufu. Ila slmgr (script ya Windows ya mambo ya leseni) na script za zamani za ofisi zitagoma. Ukizihitaji badilisha 0 iwe 1. Pia washa kuonyesha miisho ya majina ya mafaili, ili picha.jpg.vbs isipite kama picha. Kwa kuchapisha steshenari, flashi moja ndogo yenye PDF ya siku hiyo tu, isiyobeba kitu kingine.

Hatua ya 4: Chrome

Hakukuwa na kirusi. Mtu alibonyeza Allow kwenye tovuti ya filamu. Ingia chrome://settings/content/notifications, futa tovuti usizozitambua, pitia na viongezi. Ukiona Chrome inadai inasimamiwa na shirika wakati ni ya nyumbani, fungua chrome://policy. Hapo kuna kitu kimeandika kwenye rejista, na hilo ni jambo zito zaidi.

Hatua ya 5: nywila

Zilibadilishwa zote, kwa simu. Script za jamii hii mara nyingi huwa pia mlango wa nyuma. H-worm, ambayo Microsoft huiita Jenxcus, hupokea amri kutoka mbali, na mwaka 2014 kampuni hiyo ilikwenda mahakamani Marekani kuvunja mtandao wake pamoja na wa kirusi kingine, Bladabindi. Anza na barua pepe, maana ndiyo hufungulia nyingine, kisha weka uthibitisho wa hatua mbili.

Kilichobaki

RAM nyingine ya GB 4, DDR3 ya umbo refu la kompyuta za mezani, si lile fupi la laptop. Feni kupulizwa vumbi. Halafu uamuzi wa Windows: msaada wa kawaida wa toleo la 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, na orodha rasmi ya Windows 11 kwa Intel, ukiacha chache, huanzia kizazi cha 8. Programu ya hesabu itajaribiwa chini ya Wine (huendesha programu za Windows ndani ya Linux) kwenye Linux Mint, aina mojawapo ya Linux. Ikikubali, Windows inaondoka pamoja na kile kifaa cha kuamilishia. Ikikataa, itabaki kwenye mashine hii bila intaneti, kwa kazi ya hesabu tu.